Miezi Kumi na Mmoja Iliyoishia Kwenye Pasipoti

Mwezi uliopita niliandikiwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada. Nilimfundisha shahada ya kwanza kuanzia mwaka 2017, akaondoka baadaye kwa shahada ya uzamili, na Aprili mwaka huu amehitimu. Ujumbe wake ulianza kwa heshima alizozoea: "Shikamoo Mwalimu." Mstari uliofuata haukuwa na salamu tena. "Nimepewa kibali cha miezi 25. Wenzangu wote wamepewa miaka mitatu. Nimekosea wapi?"

Nilimwitikia marahaba na kumwomba anitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti yake. Ilitolewa Juni 2018, alipokwenda Nairobi kwenye mashindano ya midahalo ya vyuo, nami ndiye niliyemtia saini barua ya kumwombea ruhusa. Itakwisha Juni 2028, na kibali chake cha kazi kinakwisha siku hiyohiyo.

Sikuhitaji kutafuta jibu mbali, kwa maana jibu hilo limo ndani ya sanduku la karatasi chini ya kitanda changu kwa zaidi ya miaka kumi sasa.

Kwa msomaji asiyeufahamu mfumo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Kanada humpa mgeni aliyehitimu katika taasisi inayotambuliwa kibali cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, bila kumtaka awe na ajira mkononi. Utaratibu huo ulichukua sura yake ya sasa mwaka 2008. Aliyesoma programu ya miaka miwili au zaidi hupata miaka mitatu. Aliyesoma chini ya hapo, ilimradi programu isipungue miezi minane, hupata muda unaolingana na masomo yake. Tangu tarehe 15 Februari 2024 wahitimu wa uzamili wamepewa nafuu: hata programu ikiwa fupi kuliko miaka miwili, wanastahili miaka mitatu. Kibali hiki hutolewa mara moja tu katika maisha ya mtu.

Lakini ipo kanuni nyingine, ndogo kwa maneno na nzito kwa matokeo. Ofisa hatoi kibali kinachovuka tarehe ya mwisho ya pasipoti. Pasipoti ikibakiza miezi saba, aliyestahili miaka mitatu atapewa miezi saba. Muda uliobaki haufutwi. Mwenye kibali hutakiwa kupata pasipoti mpya, kisha aombe kuongezewa muda hadi ukomo wake wa haki. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu neno "mara moja tu" wamelisikia kila mahali, ilhali habari ya kuongezewa muda hawajaisikia popote.

Mimi ni mmoja wa waliopotea. Nilitetea tasnifu yangu ya uzamivu Kanada mwaka 2014. Wakati huo mhitimu alikuwa na siku 90 za kuomba kibali tangu kuthibitishwa kwamba amemaliza masomo. Siku hizo ziliongezwa kuwa 180 Februari 2019. Niliomba mapema, nikalipa, nikapata. Pasipoti yangu ilikuwa ya mwaka 2005, ya vile vitabu vya zamani, hivyo kibali kikaishia katikati ya mwaka 2015. Miezi saba. Karatasi yenyewe haikueleza kwa nini ni saba. Nilikwenda kwa mtumishi wa chuo aliyehusika na wanafunzi wa kigeni. Akaitazama, akasema kwa upole kwamba kibali hiki hutolewa mara moja. Alisema kweli. Mimi nikaelewa kwamba nimekwisha kupewa changu na safari imefika mwisho.

Nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya utafiti ya miaka miwili. Mkuu wa mradi aliposoma tarehe alisema hawezi kuandika mkataba unaozidi kibali, na fedha za mradi hazigawanyiki vipande vya miezi saba. Nafasi akapewa mwingine. Juni 2015 nilirudi nyumbani.

Tangu hapo, kila ninapotambulishwa kwenye hadhara, mshereheshaji hupenda kusema kwamba huyu ni msomi aliyeziacha fursa za ughaibuni akarudi kuitumikia nchi yake. Watu hupiga makofi. Nami huinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Leo nakiri mbele ya wasomaji wangu kwamba sikuziacha fursa hizo kwa hiari. Nilirudishwa na tarehe niliyoshindwa kuisoma. Kwamba baadaye niliipenda kazi hii na sijutii kuifanya, hilo ni kweli, lakini ni jambo jingine. Uzalendo ambao mtu hakuuchagua usihesabiwe kuwa uzalendo.

Nirudi kwa binti wa Winnipeg. Baadhi ya marafiki walioisikia habari yake wamesema miezi 25 ni mingi na kwamba analalamika akiwa ameshiba. Hawajaangalia hesabu. Nchini Kanada anayetaka ukazi wa kudumu kwa njia ya uzoefu wa kazi za ndani hutakiwa kwanza kuwa na mwaka mmoja wa kazi yenye ujuzi, yaani saa 1,560, ndani ya miaka mitatu. Mwenye kibali cha miezi saba, kama nilivyokuwa mimi, hafiki hata kwenye mlango. Mwenye miezi 25 anafika mlangoni, ila baada ya mlango kuna mizani. Waombaji hupangwa kwa alama, na katika awamu nyingi za mwaka 2024 aliyekuwa chini ya alama 500 hakuitwa. Kwa asiye na mwenzi, mwaka mmoja wa kazi nchini humo una alama 40, miaka miwili 53, mitatu 64. Miezi kumi na mmoja anayodai binti huyu ndiyo inayotenganisha 53 na 64. Nimewahi kuona wanafunzi wangu wakikosa daraja kwa alama moja. Nadhani wasomaji ambao ni walimu wanaelewa alama kumi na moja ni kitu gani.

Aidha, kibali si karatasi ya kazi peke yake. Mgeni wa muda nchini humo hupewa namba ya hifadhi ya jamii inayoanza na tarakimu 9, na namba hiyo ina tarehe ya mwisho inayofuata kibali. Mwajiri anapoiona tarakimu hiyo ya kwanza hujua papo hapo kwamba anazungumza na mtu mwenye saa ya ukutani kichwani. Katika majimbo mbalimbali bima ya afya nayo huzingatia hadhi ya mtu ya uhamiaji. Basi tarehe moja iliyopigwa chapa Dar es Salaam mwaka 2018, kwa ajili ya safari ya siku nne ya Nairobi, inaamua miaka minane baadaye kama binti atapandishwa cheo, kama mwenye nyumba atamwandikia mkataba, na kama daktari atamwona bila kumdai fedha taslimu.

Sasa, je, Kanada inamdai yeye shukrani au inamdai muda? Mimi nasema yeye ndiye anayedai. Mwanafunzi wa kigeni hulipa ada iliyo mara kadhaa ya ile anayolipa mwenyeji aliyekaa naye dawati moja. Vyuo vingi, hasa vile vidogo vya majimbo, vimejiendesha kwa ada hizo, na kinachowavuta wateja si maktaba wala maabara bali ahadi ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Ahadi hiyo ni sehemu ya bidhaa iliyonunuliwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wageni walilipia hata hizo siku mbili, na jembe walilinunua kwa fedha zao. Kumpokonya jembe kabla ya msimu kwisha kwa sababu kitambulisho chake kimechakaa, kisha kumwachia yeye agundue kwamba anaweza kulidai tena, ni namna mbaya ya kulipa deni.

Sidai kwamba kanuni yenyewe ni ya kijinga. Dola hutaka kuhakikisha kwamba mgeni ana mahali pa kurudi, na pasipoti hai ndiyo uthibitisho wake. Ninachokataa ni ukimya. Barua ya kibali ingeweza kubeba sentensi mbili: muda wako umekatwa kwa sababu ya pasipoti, na ukiwa na pasipoti mpya omba salio lako kabla ya tarehe fulani. Sentensi hizo mbili zingenigharimu mimi miezi saba ya wasiwasi tu badala ya miaka miwili ya utafiti.

Wala mtu asiniambie kwamba muda wa vibali ni jambo lisilogusika. Wakati wa janga la korona serikali hiyohiyo ilipohitaji mikono ya kufanya kazi, ilitangaza mwaka 2021 kwamba wahitimu ambao vibali vyao vimekwisha au vinakaribia kwisha wangeweza kuomba miezi 18 zaidi. Ikarudia mwaka 2022, ikarudia tena mwaka 2023. Kisha upepo ukageuka. Nyumba zikawa ghali, wapiga kura wakanuna, na Januari 2024 ukatangazwa ukomo wa idadi ya vibali vya kusoma, karibu 360,000 kwa mwaka huo, pungufu ya asilimia 35 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Miezi 18 haikutolewa tena. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 wahitimu wakatakiwa pia kuthibitisha kiwango cha lugha, na wa vyuo vya kati wakabanwa kwa fani walizosoma. Mwaka huohuo wahitimu wa kigeni walikesha kwa maandamano Charlottetown, katika Kisiwa cha Prince Edward, na wengine wakapiga kambi Brampton, wakisema masharti yamebadilishwa wakiwa njiani.

Hii ndiyo sababu nilimwambia binti asisubiri mwaka 2028. Utaratibu huu hauna uimara wa katiba. Ni sera, na sera hubadilika kwa tangazo la asubuhi moja. Anachokidai leo akidai leo, kwa kanuni zilivyo leo. Abadilishe pasipoti sasa, aombe nyongeza akiambatanisha kibali cha zamani, uthibitisho wa kuhitimu na barua fupi inayosema waziwazi kwamba haombi kibali cha pili bali anaomba salio la kile cha kwanza. Na kama mtu mwingine anasoma haya akiwa amebakiza wiki chache, ajue kwamba ombi likipokelewa kabla kibali hakijaisha, anaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale hadi jibu litoke. Likichelewa hata kwa siku moja, ana siku 90 za kuomba arejeshewe hadhi yake, na katika kipindi hicho cha kusubiri haruhusiwi kufanya kazi. Tofauti ya siku moja hapo ni tofauti ya kula na kutokula.

Hadi hapa nimeilaumu Kanada, na najua wapo wasomaji watumishi wa umma waliokwisha kutabasamu wakisema hayo ni ya huko. Tabasamu hilo lisubiri kidogo.

Pasipoti za kielektroniki za Tanzania zilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, na zina uhai wa miaka kumi. Wananchi walipewa hadi mwisho wa Januari 2020 kuachana na zile za zamani. Maana yake, kundi zima la wasafiri wa nchi hii, wakiwamo wanafunzi karibu wote waliokwisha kuwa na pasipoti wakati huo, walipewa vitabu vipya ndani ya dirisha moja la miaka miwili. Vitabu hivyo vitaanza kwisha Januari 2028 na vitaendelea kwisha kwa wimbi hadi mapema mwaka 2030. Kijana mwenye kitabu cha miaka hiyo anayehitimu sasa na kustahili miaka mitatu anaweza kukatwa muda, kama binti wa Winnipeg alivyokatwa. Hahitaji kuwa mzembe. Anahitaji tu kuwa alitii agizo la serikali yake kwa wakati.

Na kubadilisha kitabu ukiwa Kanada si kazi ya mchana mmoja. Ubalozi wetu uko Ottawa. Kutoka Winnipeg kwenda Ottawa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, na alama za vidole hazitumwi kwa posta. Nauli ya ndege, chumba cha kulala, siku za kazi zisizolipwa: hesabu hiyo humwangukia mtu ambaye amelipa dola 255 za Kanada juzi tu kwa kibali chenyewe.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu walioko serikalini ni dogo na halihitaji bajeti. Kijana anapokuja na barua ya kukubaliwa chuo cha nje, aulizwe mapema pasipoti yake inakwisha lini, na ikiwa haitafika miaka mitatu baada ya tarehe anayotarajia kuhitimu, apewe mpya kabla hajaondoka, bila kuhojiwa kwa nini anakitupa kitabu ambacho bado kizima. Vyuo vyetu navyo, ambavyo hupenda kupiga picha na wanaoagwa kwenda ughaibuni, viongeze swali hilo kwenye fomu zao. Nimelipeleka swali hilo kwenye idara yangu mwenyewe. Limekubaliwa kimsingi, na wanaofahamu vikao vya vyuo wanajua maana ya kukubaliwa kimsingi.

Mwenzangu mmoja, mchumi ninayemheshimu, alinikemea nilipomweleza nia ya kuandika makala haya. "Dokta," aliniambia, "unawafundisha watoto wetu mbinu za kubaki kwa watu. Nani atafundisha hapa?" Hoja yake si nyepesi na nimeihangaikia. Lakini anadhani kwamba anayefukuzwa na tarehe hurudi na ujuzi. Mimi nilirudi na nadharia nzuri na hata siku moja ya utafiti baada ya uzamivu sikuwa nayo, nikiwa na deni kwa shangazi aliyeuza kiwanja ili nisome. Ilinichukua miaka minne kulilipa kwa mshahara wa hapa. Laiti ningefanya ile miaka miwili, ningerudi nikiwa nimeshika kazi niliyokuja kuifundisha, na pengine ningerudi kwa miguu yangu mwenyewe. Aliyekatwa muda katikati haleti kitu kamili upande wowote.

Halafu kuna jambo ambalo sikumjibu mwenzangu siku ile kwa sababu liliniaibisha. Miaka michache iliyopita nilimsimamia kijana kutoka Bujumbura. Alikuwa bora katika darasa lake, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi waliozaliwa Kariakoo, na alitaka kubaki mwaka mmoja au miwili afanye kazi hapa. Sheria yetu ya kuratibu ajira za wasio raia, ya mwaka 2015, ina madaraja kuanzia A hadi E: wawekezaji, wataalamu, watu wa dini na hisani, wakimbizi. Mhitimu wa vyuo vyetu wenyewe hana daraja lake. Lazima kwanza apate mwajiri atakayemwombea, kibali ni cha miezi 24, na jumla yake na nyongeza ina ukomo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikiahidi wafanyakazi wetu kutembea huru. Kijana yule alifunga mizigo wiki tatu baada ya mahafali. Nilimsindikiza kituo cha mabasi nikiwa nimevaa tai.

Kwa hiyo tunapoisema Kanada kwamba imekata miezi kumi na mmoja, tukumbuke kuwa kwetu sisi hakuna hata kitu cha kukata. Wanaharakati wanaosoma hapa, ambao kila mwaka huandika matamko mazuri juu ya Watanzania wanaoonewa ughaibuni, wanaweza kuanza na hili la Bujumbura. Liko jirani na halihitaji viza kulifuatilia.

Binti wa Winnipeg amepata miadi ya alama za vidole wiki ya pili ya mwezi ujao. Mwajiri wake amemruhusu siku tatu bila malipo na kumtaka alete uthibitisho wa ombi kabla ya kumjadili kwenye orodha ya wanaopanda daraja. Jana usiku aliniomba nimtumie nakala ya kibali changu cha mwaka 2014, aione tu, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kupewa miezi saba. Nimeivuta kutoka chini ya kitanda na kuipiga picha. Ameijibu kwa swali moja: "Mwalimu, na wewe ungeomba salio, ungekuwa wapi leo?" Nimelisoma mara kadhaa na bado sijamjibu.